Nyangumi wa Kaikōura na Watu Wake

Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, ni desturi katika kitabu cha ukumbusho kama hiki kuandika habari za mazao, za maghala, na za viongozi waliotutangulia. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Katika kurasa hizi twapenda kusimulia historia ya watu wa mbali, wakaao kando ya bahari ya kusini katika nchi ya Nyuzilandi. Zao la watu hao ni nyangumi. Tena nyangumi ambaye hawamvui wala hawamli. Kazi yao ni kuwachukua wageni katika mashua, kuwapeleka mpaka mahali alipo mnyama huyo, kuwaonyesha, kisha kumwacha aende zake salama.

Pengine mkulima atauliza: nyangumi ana nini na mtu wa jembe? Jibu ni kwamba watu hao walikabiliwa na maswali mawili ambayo kila mwanachama wa ushirika ameyajua tangu siku ya kwanza alipopeleka mzigo wake kwenye mizani. Swali la kwanza: mali ikitoka katika nchi yetu, ni nani mwenye chombo kinachoipeleka sokoni, na faida hubaki mikononi mwa nani? La pili: je, mali hiyo tutaitumia namna gani ili watoto wetu nao waikute? Historia yao ni majibu ya maswali hayo, na majibu yenyewe yaligharimu mengi.

MAHALI NA MNYAMA MWENYEWE

Kaikōura ni mji mdogo katika pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Jina lake ni la Kimaori, na maana yake ni kula kambakoche, kwa kuwa wanyama hao wamejaa katika miamba ya pwani ile. Nyuma ya mji ipo milima mirefu yenye theluji, na mbele yake bahari haina kina cha polepole kama ilivyo katika pwani nyingi. Karibu sana na ufuko, kwa umbali usiofika kilometa 1, linaanza korongo kubwa chini ya maji, ambalo huteremka hata kupita kina cha mita 1,000. Maji ya baridi kutoka kusini na maji ya vuguvugu kutoka kaskazini hukutana huko, na kwa sababu hiyo chakula cha viumbe wa baharini ni tele.

Ndani ya korongo hilo hulisha nyangumi wa ambari, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba na meno katika taya la chini. Ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wenye meno duniani. Wale wa Kaikōura karibu wote ni madume, nao huonekana huko mwaka mzima. Nyangumi huyo huzama kutafuta ngisi na samaki wa kilindini, akakaa chini yapata dakika 45, kisha huibuka na kupumzika juu ya maji kwa dakika kama 10 akivuta pumzi, halafu huinua mkia wake na kuzama tena. Wapo pia pomboo wadogo waendao kwa makundi ya mamia, na sili walalao juu ya miamba.

Mahali pengi duniani mtu akitaka kumwona nyangumi wa ambari hana budi kusafiri mbali sana katika bahari kuu. Hapo Kaikōura mashua humfikia kwa muda mfupi tu. Mwenyezi Mungu aliiweka hazina hiyo mlangoni mwa watu wale. Lakini, kama tutakavyoona, hazina iliyo mlangoni si lazima iwe ya mwenye mlango.

ZAMA ZA CHUSA

Simulizi za Wamaori husema kwamba babu yao mmoja, jina lake Paikea, alifika katika nchi hiyo akiwa amepanda mgongoni mwa nyangumi. Kwa hiyo mnyama huyo kwao ana heshima ya ukoo. Nyangumi aliyekufa na kutupwa ufukoni na mawimbi alitumiwa kwa nyama, mifupa na meno, bali desturi ya kumwinda kwa mashua na chusa ililetwa na Wazungu.

Mnamo mwaka 1842 mtu mmoja aitwaye Robert Fyffe alianzisha kituo cha kuvua nyangumi hapo Kaikōura. Walinzi walikaa juu ya vilima wakitazama bahari; mnyama alipoonekana, mashua za makasia zilisukumwa majini, mtu wa chusa akasimama omo, na vita vikaanza. Nyangumi aliyeuawa alikokotwa hadi ufukoni, mafuta yake yakachemshwa katika masufuria makubwa ya chuma na kutiwa mapipani. Mafuta hayo yaliwasha taa na kulainisha mitambo ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Wamaori wengi walifanya kazi katika mashua hizo, na wake wengi wa wavuvi walikuwa Wamaori. Nyumba ya Fyffe ipo hata leo, na nguzo za msingi wake ni pingili za uti wa mgongo wa nyangumi. Mgeni akiitazama huona kwa macho yake jinsi kazi ya zama hizo ilivyosimama juu ya mifupa.

Kazi hiyo haikuwa na kipimo. Nyangumi wa pwani walikuja karibu na nchi kavu kuzaa, na wavuvi hawakumwacha jike wala ndama. Miaka michache ilipopita wanyama wakawa haba, na vituo vingi vikafa kimoja baada ya kingine. Aliyebaki akiendelea na uvuvi huo mpaka mwisho kabisa katika Nyuzilandi alikuwa jamaa ya Perano, katika mlango wa bahari wa Tory Channel, kaskazini ya Kaikōura. Hao walikuwa na mashua za injini na bunduki za chusa, nao waliwangoja nyangumi wenye nundu wapitao kila mwaka wakitoka katika baridi ya kusini kwenda kuzaa katika maji ya joto. Mwaka 1960 walivua nyangumi 226. Mwaka 1963 walipata 9 tu.

Sababu ya anguko hilo yafaa isomwe kwa makini na kila Katibu na kila Mweka Hazina. Katika misimu miwili, ule wa 1959 na 1960 na ule wa 1960 na 1961, meli kubwa za Urusi ya Kisovieti ziliua nyangumi wenye nundu karibu 25,000 katika bahari ya kusini. Lakini hesabu walizopeleka kwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi zilikuwa za uongo. Kwa muda wote tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, waliandika kwamba wameua wanyama hao 2,710 katika bahari za kusini, kumbe kwa kweli walikuwa wameua zaidi ya 48,000. Siri hiyo haikufichuka mpaka baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika, pale mwanasayansi wa Kirusi Alexey Yablokov alipoitangaza mwaka 1993. Watu wote waliokuwa wakipanga kipimo cha mavuno walipanga kwa kutegemea vitabu visivyo vya kweli. Mavuvi madogo ya mbali yalikufa njaa pasipo kujua ni nani aliyekula sehemu yao.

Nyangumi wenye nundu walipokwisha, jamaa ya Perano wakawageukia nyangumi wa ambari katika bahari ya Kaikōura. Tarehe 21 Desemba 1964 walimchoma wa mwisho, karibu na pwani hiyo hiyo, wakafunga kazi. Basi uvuvi ule ulikomeshwa na upungufu wa wanyama na wa faida. Hapakuwa na sheria iliyouzuia siku ile. Sheria ya Nyuzilandi ya kuwalinda wanyama wa baharini wanyonyeshao ilipitishwa mwaka 1978, miaka 14 baadaye.

NCHI ILIYOUZWA

Wakati bahari ilipokuwa ikimalizwa, nchi kavu nayo ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe. Wamaori wa Kaikōura ni ukoo wa Kāti Kurī, katika kabila kubwa la Ngāi Tahu. Mwaka 1859 Serikali ya Uingereza, kwa mkono wa afisa wake James Mackay, ilinunua kutoka kwao zaidi ya ekari milioni 2 kwa bei ya paundi 300. Wenye nchi wakabakiwa na vipande vya akiba visivyofika ekari 6,000 kwa jumla, na sehemu kubwa ya vipande hivyo ilikuwa nchi mbaya.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu hao wakawa wafanyakazi katika nchi iliyokuwa yao: wengine katika mashamba ya kondoo, wengine katika uvuvi, na wengi katika reli ipitayo katika mji huo. Ilipofika miaka ya 1980, Serikali ya Nyuzilandi ilipunguza watumishi katika idara zake, na reli ikawa mojawapo. Wanaume waliozoea mshahara wa kila mwezi wakajikuta bila kazi. Vijana walihama kwenda mijini. Mji wa Kaikōura ukawa mahali ambapo magari hupita tu bila kusimama.

BIASHARA YA KUTAZAMA

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari ya Pasifiki, ilikuwa imekwisha kuzaliwa biashara ya namna mpya. Katika mji wa San Diego, Marekani, mwaka 1950, watu walifunguliwa mahali pa kusimama juu ya mwamba ili watazame nyangumi wa kijivu wakipita, na katika mwaka wa kwanza walikuja kama 10,000. Mwaka 1955 mvuvi mmoja wa huko alianza kuwachukua watazamaji kwa mashua, akiwatoza dola 1 kila mmoja. Huo ndio mwanzo unaojulikana wa safari za mashua za kutazama nyangumi kwa malipo. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikata shauri kusimamisha uvuvi wa kibiashara, na amri hiyo ikaanza kutumika tangu msimu wa 1985 na 1986. Kadiri chusa zilivyowekwa chini, ndivyo biashara ya kutazama ilivyokua. Hesabu iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kwamba katika mwaka 2008 watu milioni 13 walikwenda kutazama nyangumi na pomboo katika nchi na visiwa 119, na fedha zilizotumika zilipita dola bilioni 2.

Lakini mahali pengi mwenye mashua alikuwa mgeni mwenye mtaji, na mwenyeji aliajiriwa kufunga kamba na kufagia. Hilo ndilo watu wa Kāti Kurī hawakulitaka.

NYUMBA NNE ZILIZOWEKWA REHANI

Katika viongozi wao alikuwapo mzee Bill Solomon. Yeye na wenzake walifikiri hivi: ikiwa babu yetu Paikea aliletwa kwenye maisha mapya na nyangumi, mbona sisi tusibebwe naye mara ya pili? Kulikuwa na mnyama, bahari ilikuwa yao kwa kuijua, na walikuwako vijana wasio na kazi ambao walizaliwa ndani ya mashua. Kilichokosekana ni fedha.

Mwaka 1987 jamaa nne za Kāti Kurī ziliweka nyumba zao rehani ili kupata mkopo. Yafaa tusimame hapa tulipime tendo hilo. Watu waliokuwa wamekwisha kupoteza ardhi ya babu zao, na sasa wamepoteza mishahara, walichukua kitu cha mwisho walichobakiwa nacho, yaani paa la kulalia watoto, wakakitoa dhamana kwa ajili ya kazi ambayo katika mji wao haikuwa imethibitika kwamba italipa. Kama nyangumi wasingeonekana, au wageni wasingekuja, jamaa nne zingelala nje. Wale miongoni mwetu wanaokumbuka siku ya kutoa kiingilio na hisa ya kwanza, wakati jirani wakicheka na wachuuzi wakitutisha, hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Walianza na mashua ndogo ya mpira, iliyochukua abiria 8 tu. Ukoo mzima ulishughulika: huyu nahodha, yule mkata tiketi, mwingine msimulizi wa habari za wanyama na za wazee. Abiria walipozidi, walinunua vyombo vikubwa zaidi. Kampuni yao, ambayo sasa hujulikana kwa jina la Whale Watch Kaikōura, ni mali ya watu wa Kaikōura pamoja na kabila lao. Kwa sheria si chama cha ushirika kama chetu, ni kampuni. Lakini mwenye kampuni ni jamii, na faida hurudi kwa jamii, ikiwapa watu kazi, mafunzo, na nguvu ya kujiendeshea mambo yao. Mji uliokuwa ukipitwa na magari ukaanza kujengwa nyumba za wageni, maduka na mikahawa, na wengi walionufaika hawakuwa Wamaori wala hawakuwa na hisa hata moja katika kampuni.

SHAURI LA MWAKA 1995

Biashara ilipostawi, walitokea wengine waliotaka kuingia. Serikali, kwa idara yake ya hifadhi, ndiyo itoayo vibali vya mashua, nayo ilielekea kumpa kibali mshindani. Watu wa Ngāi Tahu wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba Mkataba wa Waitangi, uliotiwa sahihi mwaka 1840 baina ya wakuu wa Wamaori na Malkia wa Uingereza, uliwaahidi kulindwa katika mambo yao ya bahari. Na kwamba haiwi haki wao kubeba hatari peke yao mwanzoni, kisha tunda likiiva wapewe wengine.

Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na hukumu ikatolewa mwaka 1995. Majaji hawakukubali hoja yote. Walisema kwamba safari za kitalii ni jambo jipya, ambalo halikuwamo katika mawazo ya waliotia sahihi mwaka 1840, kwa hiyo kabila haliwezi kudai kwamba biashara hiyo ni yake pekee milele. Hata hivyo walisema pia kwamba biashara hiyo yahusiana sana na desturi za Ngāi Tahu katika bahari ile, na kwamba wao ndio waliotangulia. Kwa hiyo Serikali ina wajibu wa kuwalinda kwa vitendo na kuwapa upendeleo wa kiasi katika kutoa vibali, ila uhifadhi wa nyangumi wenyewe uwe mbele ya mambo yote. Hukumu hiyo husomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria katika nchi ile. Kwetu sisi ina fundisho la wazi: haki ya aliyetangulia huweza kulindwa, lakini hulindwa kwa kiasi, na kwa mwenye hoja zilizoandikwa. Aliyelala hakumbukwi na hakimu. Miaka 3 baadaye, mwaka 1998, Serikali ya Nyuzilandi ilimaliza madai ya Ngāi Tahu kwa kuwaomba radhi na kuwalipa dola milioni 170 za nchi hiyo, ingawa ardhi iliyopotea ilikuwa na thamani mara nyingi zaidi.

MASHARTI YA KUMKARIBIA NYANGUMI

Sasa twaja kwenye swali la pili, la kuidumisha mali. Mashua ya watalii haina chusa, lakini yaweza kudhuru. Nyangumi aliyeibuka ana dakika chache za kuvuta pumzi. Mashua zikimzonga kila upande, huzama kabla hajapumzika vya kutosha. Pomboo akifukuzwa mchana kutwa hapati usingizi, wala kula, wala kumnyonyesha mtoto.

Kwa sababu hiyo Nyuzilandi iliweka kanuni mwaka 1992. Hakuna afanyaye biashara hiyo bila kibali. Mashua isimkaribie nyangumi chini ya mita 50. Vyombo visizidi vitatu ndani ya mita 300 za mnyama. Chombo kiende polepole, kikae ubavuni au nyuma kidogo, wala kisimkatize njia. Ni marufuku kuogelea pamoja na nyangumi, na ni marufuku kuogelea katika kundi la pomboo wenye watoto wachanga. Mnyama akionyesha kusumbuka, nahodha aondoke.

Manahodha wa Kaikōura hawamtafuti nyangumi kwa kumkimbiza. Huteremsha chombo cha kusikilizia chini ya maji, wakasikia mlio wake, ambao ni kama gogota-gogota ya mtu abishaye hodi. Kwa mlio huo hujua yu upande gani, na unapokoma hujua kwamba yuko karibu kuibuka. Kisha hungoja. Kampuni yenyewe iliweka sharti kwamba abiria asiyemwona nyangumi arudishiwe asilimia 80 ya nauli yake. Sharti hilo lina hekima: nahodha hana haja ya kuvunja kanuni ili kumfurahisha mgeni, maana mgeni aliyekosa hatarudi kwao akilalamika kwamba ameibiwa. Mwaka 2014 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuisimamia bahari ya Kaikōura, baada ya wavuvi, Wamaori, watu wa utalii na wahifadhi kukaa pamoja kwa miaka mingi na kupatana. Sheria hiyo iliweka hifadhi ya nyangumi na hifadhi ya sili.

SIKU ZA TAABU

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Novemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.8 liliipiga nchi hiyo. Watu wawili walikufa. Barabara na reli zilifunikwa na maporomoko, na Kaikōura ikawa kama kisiwa. Pwani iliinuka, katika rasi ya Kaikōura yapata mita 1. Gati lililokuwa na maji ya kutosha likawa na miamba mitupu, na vyombo viliweza kutoka wakati wa maji kujaa tu. Kazi ya kuchimba na kuongeza kina ilichukua karibu mwaka mzima. Chini ya bahari nako, matope mengi yaliporomoka kutoka katika korongo yakachukua viumbe waliokuwamo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliona kwamba nyangumi walibadili mahali pa kulisha kwa muda wa kama mwaka mmoja. Haujapita muda mrefu, mwezi Machi 2020 mipaka ya Nyuzilandi ikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wageni kutoka nchi za nje wakakoma kuja mpaka mwaka 2022.

Kampuni ya mtu mmoja mwenye makao yake mbali ingaliweza kuuza mashua na kuhamia pengine. Kampuni ya watu wa Kaikōura haikuwa na pengine pa kuhamia. Ilipunguza kazi, ikangoja, ikaanza tena. Wakati huo huo watafiti, ambao wamekuwa wakiwahesabu nyangumi hao tangu mwaka 1990, wameonyesha kwamba idadi ya wanaofika wakati wa kiangazi imepungua kuliko zamani. Kwa hiyo watu wa Kaikōura hawawezi kusema kwamba wamekwisha kushinda. Mwenye shamba hasemi hivyo hata baada ya mavuno mema, hutazama mawingu.

HABARI ZA KWETU KIZIMKAZI

Pwani yetu nayo ina historia ya namna hiyo, ingawa ni fupi zaidi. Kizimkazi, kusini ya kisiwa cha Unguja, ni mahali penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, na katika maji yake wanakaa pomboo wa aina mbili. Zamani wavuvi wa huko waliwavua pomboo, na nyama yao ilitumika zaidi kuwa chambo cha papa. Kuanzia mwaka 1992 watalii walianza kuja kuwatazama, na wavuvi wakaona kwamba pomboo aliye hai huleta fedha kesho na keshokutwa, hali aliyekufa ni chambo cha siku moja. Kuwavua kukaachwa. Mwaka 1997 ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mashua zikawa nyingi, na kila nahodha akamshindania mgeni wake. Watafiti waliochunguza pomboo hao walieleza kwamba mashua za watalii zinapokuwapo, wanyama hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakawa wakienda huku na huku tu. Miongozo ilikuwa imekwisha kuandikwa, ila haikufuatwa sawasawa. Zaidi ya hayo, pomboo wengine wamekuwa wakinaswa na kufa katika nyavu za jarife zilizotegewa samaki wengine. Nahodha mmoja peke yake akikaa mbali kwa adabu, mwenzake hujipenyeza mbele na kuchukua bakshishi. Kwa hiyo adabu ya mtu mmoja haitoshi. Yatakiwa masharti ya wote, na wote wayalinde. Mtu wa ushirika analifahamu jambo hili vizuri kuliko wengi, kwa kuwa ameliona kwenye mizani: mkulima mmoja akichanganya mawe na mazao, jina linaloharibika ni la chama kizima.

MANENO YA KUWAAGA WASOMAJI

Basi hiyo ndiyo habari ya nyangumi wa Kaikōura. Mnyama ni yule yule na bahari ni ile ile. Mara ya kwanza faida yake ilitiwa mapipani ikasafirishwa, na wenyeji wakabaki na mifupa. Mara ya pili faida imebaki, kwa sababu wenyeji waliimiliki mashua, waliweka nyumba zao rehani badala ya kungoja mfadhili, walikwenda mahakamani kwa hoja, na walikubali kufungwa na masharti ya kutomkaribia mno yule anayewalisha.

Wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Jamaa ya Perano na mabaharia wa Urusi walikuwa watu hodari wa kazi. Hakuna aliyewaita wavivu. Kilichowakosesha ni kipimo cha mavuno na ukweli wa vitabu. Ndugu wanachama, katika miaka 10 ijayo, tutakapogombea bei, tutakapochagua Halmashauri, tutakaposomewa hesabu katika mkutano mkuu, na tutakapoamua kama udongo na misitu yetu ipumzishwe au itumiwe mpaka mwisho, tuyakumbuke mambo hayo mawili. Aliyeshika usukani na awe mmoja wetu, na usukani wenyewe ushikwe kwa kiasi. Mwenyezi Mungu akijalia, wale watakaoandika kitabu cha ukumbusho wa miaka 20 watakuwa na mali ya kuihesabu, wala hawatakuwa na mifupa tu ya kuisimulia.